Maboksi ya Mar-a-Lago: Sheria Inambana Vipi Kiongozi Mstaafu Aliyeondoka na Nyaraka za Siri

Tangu habari za maboksi ya Mar-a-Lago, makazi ya Trump huko Florida, zianze kusikika mwaka 2022, kuna swali halikosekani kwenye mjadala wowote kuhusu Donald Trump: kama yeye alishtakiwa kwa sababu ya nyaraka za siri zilizokutwa kwake, mbona Joe Biden naye alikutwa nazo hadi gereji na hakupelekwa mahakamani? Na Mike Pence, aliyekuwa makamu wa Trump, je? Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu mwenyewe kwamba hiyo ni siasa tu. Siasa haikosekani katika jambo kama hili, lakini swali lenyewe lina jibu la kisheria, na ukilifuata hatua kwa hatua unakuta kwamba idadi ya karatasi ina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Uzito mkubwa uko kwenye kile mtu alichofanya baada ya kuambiwa azirudishe.

Tuanze na umiliki, maana hapo ndipo mkanganyiko wote unapoanzia.

Kwa karibu miaka mia mbili, rais wa Marekani aliyemaliza muda wake aliondoka na karatasi zake zote kama mali yake binafsi. George Washington alifanya hivyo, na waliomfuata wakafanya hivyo. Aliyesababisha desturi hiyo ife ni Richard Nixon. Alipojiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate, alifunga makubaliano na mkuu wa wakala wa serikali unaosimamia mali za umma, makubaliano ambayo mwisho wake kanda za sauti zilizorekodiwa Ikulu zingeharibiwa. Bunge likashtuka. Desemba mwaka huohuo likapitisha sheria ya kuzichukua kanda na karatasi zake, Nixon akaenda mahakamani kupinga, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ikamkatalia. Mwaka uliofuata, 1978, ikatungwa Sheria ya Kumbukumbu za Rais, ambayo imewahusu marais wote kuanzia Ronald Reagan aliyeapishwa Januari 20, 1981.

Sheria hiyo inasema kumbukumbu zinazotokana na kazi ya urais ni mali ya serikali ya Marekani. Rais ni mpangaji: anapohama anachukua nguo na picha za familia yake, lakini hang'oi milango. Vitu binafsi kama shajara, barua za nyumbani na mambo yake ya kampeni ni vyake. Vilivyobaki, saa ileile mrithi wake anapoapishwa, vinaingia mikononi mwa Idara ya Nyaraka na Kumbukumbu za Taifa. Rais mstaafu anaweza kuomba baadhi ya kumbukumbu zifungiwe umma kwa muda usiozidi miaka 12, na anaweza kwenda kuzisoma, lakini hahami tena nazo.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba sheria hiyo haina adhabu. Hakuna kifungu ndani yake kinachosema anayekaidi atafungwa au atatozwa faini. Walioitunga walichukulia kwamba mtu aliyewahi kuwa rais, akiandikiwa barua ya heshima kwamba kuna karatasi zinatafutwa, atazirudisha. Kwa hiyo anayesema Trump alishtakiwa kwa kuvunja Sheria ya Kumbukumbu za Rais amekosea. Mashtaka yalitoka kwenye sheria nyingine, ya zamani zaidi na kali zaidi.

Sheria hiyo ni ya ujasusi, ya mwaka 1917, iliyopitishwa miezi miwili baada ya Marekani kuingia Vita Kuu ya Kwanza. Jina lake linapotosha, maana mtu anaweza kutiwa hatiani chini yake bila kuwa jasusi na bila kumpa adui hata karatasi moja. Kifungu cha 793, sehemu yake inayojulikana kwa herufi (e), kinamgusa mtu ambaye hana ruhusa ya kuwa na waraka wenye taarifa za ulinzi wa taifa, akaushikilia kwa makusudi, na akashindwa kumkabidhi ofisa wa serikali anayestahili kuupokea. Kila waraka ni shtaka lake, na kila shtaka linaweza kumfunga mtu hadi miaka 10.

Soma tena maneno hayo na utaona lisilokuwemo. Kifungu hakitaji popote muhuri wa siri. Mwaka 1917 mfumo wa leo wa kugonga nyaraka mihuri kwa ngazi, kutoka siri ya kawaida hadi siri ya juu kabisa, haukuwepo; uliletwa baadaye kwa amri za marais, na unaotumika sasa unasimama juu ya amri ya Barack Obama ya mwaka 2009. Sheria inauliza kama taarifa inahusu ulinzi wa taifa. Muhuri unasaidia kuthibitisha hilo mbele ya jopo la wazee wa mahakama, lakini kosa linaweza kusimama hata bila muhuri.

Hapo ndipo utetezi uliosikika sana ulipopoteza nguvu. Septemba 2022 Trump aliiambia televisheni ya Fox kwamba rais anaweza kuiondolea hati usiri hata kwa kuwaza tu. Ni kweli kwamba rais aliye madarakani ana mamlaka makubwa mno ya kuondoa usiri. Lakini mahakama ya rufaa ya Atlanta, mwezi huohuo, ilisema wazi kwamba hoja hiyo inawapoteza watu njia: kuondoa usiri hakubadilishi yaliyoandikwa kwenye waraka na hakuugeuzi kuwa mali ya mtu. Tena kulikuwa na kanda ya sauti ya Julai 2021, iliyorekodiwa kwenye klabu yake ya gofu ya Bedminster, New Jersey. Ndani yake Trump anasikika akiwaonyesha wageni kitu anachokiita cha siri, kinachohusu mpango wa kuishambulia nchi ambayo vyombo vya habari viliitaja kuwa Iran, na akisema kwamba alipokuwa rais angeweza kukiondolea usiri lakini sasa hawezi. Baadaye alieleza kwamba alikuwa akipunga magazeti na karatasi nyingine tu. Kesi ingefika mwisho, jopo lingeisikia kanda hiyo na kuamua lenyewe.

Kulikuwa na utetezi mwingine wenye akili zaidi, na haustahili kupuuzwa. Bill Clinton alipokuwa rais alirekodi kanda 79 za mazungumzo yake na mwanahistoria, akazihifadhi kama vitu vyake binafsi. Shirika moja lilipozidai mahakamani, jaji wa Washington alisema mwaka 2012 kwamba mahakama haina uwezo wa kuilazimisha Idara ya Nyaraka iende kuzichukua, kwa sababu sheria ya 1978 inamwachia rais kupambanua kipi ni binafsi na kipi ni cha serikali. Mawakili wa Trump wakajenga hoja juu ya hukumu hiyo: rais akiondoka na maboksi, kitendo chenyewe cha kuondoka nayo kinaonyesha ameyahesabu kuwa yake.

Mimi naona hoja hiyo inavunjika mara moja ukiangalia kilichokuwa ndani. Kanda za Clinton zilikuwa sauti yake mwenyewe akisimulia siku zake. Nyaraka zilizotajwa kwenye hati ya mashtaka ya Trump zilitoka CIA, Wizara ya Ulinzi (Pentagon), Wakala wa Usalama wa Taifa na Wizara ya Nishati, na zilihusu uwezo wa silaha za nyuklia, udhaifu ambao adui angeweza kuutumia, na mipango ya kulipiza kisasi iwapo Marekani itashambuliwa. Taarifa kama hizo haziwezi kuwa shajara ya mtu yeyote. Hata Jaji Aileen Cannon, ambaye baadaye ndiye aliyeifuta kesi, alikataa Aprili 2024 kuifuta kwa hoja hii.

Basi twende kwenye matukio yenyewe, kwa sababu bila hayo sheria haieleweki.

Trump aliondoka Ikulu Januari 20, 2021. Maboksi yalipelekwa Mar-a-Lago, Florida, ambayo ni makazi yake na wakati huohuo ni klabu ya wanachama wanaolipa. Hati ya mashtaka inasema kati ya Januari 2021 na Agosti 2022 zilifanyika pale shughuli zaidi ya 150, zikiwemo harusi na harambee, na kuhudhuriwa na makumi ya maelfu ya wageni. Mwanzoni maboksi yalipangwa jukwaani kwenye ukumbi wa dansi. Baadaye mengine yakahamishiwa bafuni, yakarundikwa kando ya choo chini ya taa ya kifahari, picha ambayo dunia nzima iliiona. Kisha yakapelekwa stoo, zaidi ya 80. Desemba 7, 2021 msaidizi wa Trump, Walt Nauta, alifungua mlango wa stoo akakuta maboksi yameanguka na karatasi zimetawanyika sakafuni. Moja ilikuwa na alama kwamba inaruhusiwa kusomwa tu na mashirika ya kijasusi ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand. Alipiga picha akamtumia mwenzake kwenye simu. Yeyote aliyewahi kufanya kazi masijala ya siri katika ofisi ya umma, ambako jalada haliondoki mezani bila kusainiwa, ataumia kusoma hilo.

Idara ya Nyaraka ilikuwa imeanza kuulizia tangu Mei 2021, miezi minne baada ya Trump kuondoka. Ilibembeleza hadi Januari 2022 ilipopokea maboksi 15, na ndani yake zikakutwa nyaraka 197 zenye alama za usiri. Februari ikaiarifu Wizara ya Sheria. Mei 11, 2022 ikatolewa hati ya wito wa mahakama: leteni nyaraka zote zilizobaki zenye alama za usiri. Kuanzia siku hiyo hali ilibadilika kabisa. Kumpuuza mtunza nyaraka ni jambo moja. Hati ya wito ni amri ya kisheria.

Kwa mujibu wa mashtaka, kati ya Mei 23 na Juni 2 Nauta alitoa stoo maboksi kama 64 kwa maelekezo ya Trump, na akarudisha kama 30. Wakili aliyepewa kazi ya kupekua hakuambiwa. Aliingia stoo akidhani yote yamo, akapata nyaraka 38, akaziweka kwenye bahasha ya faili, akaomba mkanda wa kufungia, na Nauta akamletea. Kesho yake, Juni 3, wakili mwingine ambaye hakushiriki upekuzi huo aliisaini taarifa kwa serikali kwamba utafutaji wa kina umefanyika na hakuna kilichobaki.

Agosti 8, 2022 FBI walifika na hati ya upekuzi iliyosainiwa na hakimu. Wakakuta nyaraka nyingine 102 zenye alama za usiri: 75 stoo na 27 ofisini kwa Trump. Mashtaka yanadai pia kwamba, picha za kamera za ulinzi zilipotakiwa, Nauta na mfanyakazi mwingine, Carlos De Oliveira, walihangaika kutaka zifutwe. Wote watatu walikana mashtaka yote, na hakuna mahakama iliyowahi kuwatia hatiani kwa lolote kati ya hayo. Hilo lazima lisemwe waziwazi, maana mtu anaposoma hati ya mashtaka husahau kwamba anasoma upande mmoja.

Sasa tazama waendesha mashtaka walichochagua. Jack Smith, mwendesha mashtaka maalum aliyeteuliwa Novemba 2022, alimfungulia Trump mashtaka Juni 2023 yakaongezwa Julai hadi kufikia 40. Kati ya hayo, 32 yalikuwa ya kushikilia nyaraka, moja kwa kila waraka. Kumi zilitoka kwenye ile bahasha ya Juni 3, na 21 zilikutwa siku ya upekuzi. Katika lundo la nyaraka 197 zilizorudishwa mapema, Januari 2022, ulitumika mmoja tu, ule wa kanda ya Bedminster. Maana yake zile alizorudisha alipoombwa, ingawa alichelewa mwaka mzima, karibu zote hakushtakiwa nazo. Naamini kabisa kwamba kama angetoa maboksi yote wakati ule, kesi hii isingekuwepo.

Mashtaka mengine manane yalihusu kuficha na kuvuruga uchunguzi. Watu huyaona kama nyongeza, lakini ndiyo yaliyokuwa mazito zaidi kwa adhabu: kuficha nyaraka zinazotakiwa na wachunguzi wa serikali kuu, au kula njama za kuzuia haki isitendeke, kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 20 kwa kila shtaka, mara mbili ya kushikilia waraka wenyewe.

Hapo jibu la swali la Biden linaanza kuonekana. Novemba 2022 mawakili wake walikuta nyaraka za siri kwenye ofisi aliyokuwa akiitumia Washington baada ya umakamu wa rais. Waliziripoti wenyewe. Nyingine zikakutwa nyumbani kwake Wilmington, Delaware, zikiwemo za vita vya Afghanistan za mwaka 2009 ambazo zilikuwa gereji. Akateuliwa mwendesha mashtaka maalum, Robert Hur, ambaye Trump ndiye aliyewahi kumteua kuwa mwendesha mashtaka wa Maryland. Ripoti yake ya Februari 2024 haikumsafisha Biden: ilisema kuna ushahidi kwamba alishikilia baadhi ya taarifa kwa makusudi, na kwamba mwaka 2017 alirekodiwa akimwambia mwandishi wake kwamba amekuta vitu vya siri nyumbani. Lakini Hur aliona hawezi kuthibitisha kosa pasipo shaka, na akaeleza tofauti na kesi ya Trump: Biden aliita serikali, akafungua milango ya nyumba zake ipekuliwe, akakaa kuhojiwa, Trump anadaiwa alipewa nafasi nyingi za kurudisha akafanya kinyume. Pence naye alikutwa na nyaraka kama dazeni moja Indiana Januari 2023, akaziripoti, na Juni uchunguzi ukafungwa.

Unaweza kusema Biden alibebwa kidogo, na ile kanda ya 2017 inakupa sababu ya kusema hivyo. Lakini kigezo kilichotumika hakikubuniwa kwa ajili yake. Mwaka 2016 mkurugenzi wa FBI, James Comey, alipoeleza kwa nini Hillary Clinton hatashtakiwa kwa kutumia barua pepe binafsi kwa kazi za serikali, alitaja mambo yanayotafutwa: kukusudia, wingi wa kutisha wa taarifa, dalili za kukosa uaminifu kwa nchi, na jitihada za kuzuia uchunguzi. Ndivyo Wizara ya Sheria ilivyozipima kesi hizi kwa miaka mingi.

Linaloniumiza mimi zaidi ni tofauti kati ya wakubwa na wadogo. Juni 1, 2023, wiki moja tu kabla Trump hajafunguliwa mashtaka, mahakama ya Tampa, Florida hiyohiyo, ilimfunga miaka 3 luteni kanali mstaafu wa jeshi la anga aliyeweka nyumbani kwake nyaraka za siri zaidi ya 300. Mfanyakazi mmoja wa Wakala wa Usalama wa Taifa alifungwa mwaka 2018 miaka mitano na nusu kwa kupeleka kazi nyumbani. Mwingine, mkandarasi wa mashirika hayohayo, akapata miaka 9 mwaka 2019 kwa shtaka moja la kushikilia, kifungu kilekile cha 793(e).

Linganisha na David Petraeus, jenerali na mkurugenzi wa zamani wa CIA. Alimpa mwandishi wa wasifu wake madaftari manane yenye siri nzito, kisha akawadanganya FBI. Mwaka 2015 alikiri kosa dogo, akatozwa faini ya dola 100,000 na kuwekwa chini ya uangalizi miaka miwili. Hakulala jela hata usiku mmoja. Sandy Berger, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Bill Clinton, alitoroka na nyaraka za siri kutoka Idara ya Nyaraka yenyewe. Mwaka 2005 akaishia kwenye faini ya dola 50,000, uangalizi wa miaka miwili na kazi za kijamii. Kosa waliloshtakiwa nalo wote wawili ni la kifungu kingine, 1924, ambacho wakati huo adhabu yake haikuzidi mwaka mmoja. Kilipandishwa hadi miaka 5 Januari 2018, na rais aliyesaini mabadiliko hayo ni Donald Trump.

Kuna pia kifungu cha 2071, ambacho watu walikishangilia sana mitandaoni kwa sababu kinasema anayeficha au kuharibu kumbukumbu za serikali anaweza kuzuiwa kushika ofisi ya umma. Smith hakukitumia. Hata angekitumia, wataalamu wengi wa katiba wanaona kisingemzuia mtu kugombea urais, kwa kuwa sifa za rais zimewekwa na katiba yenyewe na sheria ya kawaida haiwezi kuongeza nyingine.

Kwa nini basi kesi yenye ushahidi wa kamera, kanda na ujumbe wa simu haikufika hukumuni? Sehemu ya jibu ni ugumu wa kuendesha kesi ya siri kwenye mahakama ya wazi. Mshtakiwa ana haki ya kuona ushahidi unaomkabili, na anaweza kuitishia serikali: endeleeni, na mimi nitaanika kila kitu kizimbani. Bunge lilitunga mwaka 1980 sheria ya kushughulikia hilo. Jaji anakutana na pande zote faragha, waraka kwa waraka, na kuamua kipi kisomwe hadharani, kipi kifupishwe, kipi kifichwe majina. Mashirika yenye siri nayo yanapima kama yako tayari siri yao ifike mbele ya jopo la raia wa kawaida. Kazi hiyo huchukua miezi, na jaji akiwa mzito inachukua zaidi.

Jaji Cannon, aliyeteuliwa na Trump mwaka 2020, alikuwa mzito. Kabla ya mashtaka alishaingilia uchunguzi kwa kuteua mtu huru wa kupitia nyaraka zilizochukuliwa, na mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi wake Desemba 2022 kwa lugha kali. Kesi ilipangwa kusikilizwa Mei 20, 2024. Mei 7 aliiahirisha bila kutaja tarehe mpya. Julai 15 akaifuta yote kwa uamuzi wa kurasa 93.

Sababu yake haikugusa maboksi. Alisema Ibara ya Uteuzi ya katiba inataka maofisa wakubwa wateuliwe na rais na kuthibitishwa na Seneti, na wale wa chini wateuliwe na mkuu wa wizara pale tu Bunge lilipotoa ruhusa kwa sheria. Kwa maoni yake hakuna sheria inayomruhusu mwanasheria mkuu kumchukua mtu wa nje kama Smith na kumpa madaraka hayo. Mahakama nyingine zilikuwa zimeshaamua kinyume. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya Washington ilikubali uteuzi wa Robert Mueller, aliyekuwa mwendesha mashtaka maalum miaka hiyo, na kesi ya Nixon ya mwaka 1974 ilishachukulia kwamba uteuzi wa namna hiyo ni halali. Lakini wiki mbili kabla ya uamuzi wa Cannon, Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu alikuwa ameandika peke yake akihoji jambo hilohilo, naye Cannon akamrejea.

Smith alikata rufaa. Novemba 5, 2024 Trump akashinda uchaguzi, na kwa kuwa msimamo wa Wizara ya Sheria tangu 1973 ni kwamba rais aliye madarakani hashtakiwi, Novemba 25 Smith akaomba rufaa dhidi yake iondolewe, na mahakama ikakubali. Iliyomhusu Nauta na De Oliveira, wizara ikiwa chini ya serikali mpya, iliomba iondolewe mwishoni mwa Januari 2025, na Februari mahakama ikakubali.

Kwa hiyo maswali makubwa yamebaki bila jibu la mahakama ya juu. Hatujui kama Cannon alikuwa sahihi, na uamuzi wa jaji wa ngazi yake hauwabani majaji wengine. Hatujui pia kinga ambayo Mahakama ya Juu iliwapa marais Julai 1, 2024 ingegusaje kesi ya namna hii. Kinga hiyo inalinda matendo ya kikazi, wakati mashtaka yalihesabu kosa kuanzia siku Trump alipokuwa raia wa kawaida. Lakini maboksi yalifungwa na kupakiwa angali rais, na mawakili wake walikuwa tayari kulipigania hilo.

Kifungu chenyewe hakijaguswa na kinaendelea kutumika. Oktoba 2025, wizara ileile chini ya Trump ilimfungulia mashtaka John Bolton, aliyekuwa mshauri wake wa usalama wa taifa na baadaye mkosoaji wake mkubwa: mashtaka 18, manane ya kusambaza taarifa za ulinzi wa taifa na kumi ya kuzishikilia, yakihusu kumbukumbu za kila siku anazodaiwa kuwatumia ndugu zake wawili. Amekana yote. Kesi yake imefunguliwa na ofisi ya kawaida ya mwendesha mashtaka wa Maryland, bila mwendesha mashtaka maalum, kwa hiyo hoja iliyomwokoa bosi wake wa zamani yeye haimsaidii.